Shafti iliyopimwa ikiwa ya moto: kisa cha mwanagenzi kati ya matengenezo na ubora

Beringi tatu ziliungua kwenye pampu moja ndani ya wiki 18. Zote zilikuwa upande uleule, ule wa kaplingi, kiungo kinachounganisha mota na pampu, na zote za namba ileile, 6309. Ya kwanza ilidumu wiki saba, ya pili wiki tano, ya tatu wiki sita. Mimi nilikuwa fundi mkuu wa matengenezo na msimamizi wa wanagenzi katika karakana hiyo, na zote tatu zilifungwa mbele ya macho yangu. Aliyeipata sababu ni binti mwanagenzi wa mwaka wa pili. Naandika kwa kirefu kwa sababu jibu lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari lake la mafunzo miezi miwili na ushei kabla hatujalitafuta, kwenye ukurasa wenye sahihi yangu.

Pampu yenyewe haina maajabu. Inazungusha maji ya kupoozea mashine za uzalishaji, ikiendeshwa na mota ya mizunguko 1,480 kwa dakika, usiku na mchana. Iko pampu ya akiba, lakini nayo ikisimama, kiwanda kizima kinasimama. Kwa hiyo kila ilipokufa, simu zilianza kulia kabla hatujafungua hata boliti moja. Haraka hiyo ni sehemu ya kisa, nami nitairudia.

Mwanagenzi anayeingia kwetu huanza kwa kujifunza kusoma namba ya beringi. Chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa tano, unapata kipenyo cha tundu kwa milimita: 09 mara 5 ni 45. Kipenyo cha nje cha 6309 ni milimita 100, upana wake 25. Hesabu inayofuata ni ya umri. Beringi ya aina hiyo ina uwezo wa kubeba wa kilonyutoni 53 hivi, kutegemea mtengenezaji. Mzigo wa pampu yetu upande ule tuliukadiria kuwa kilonyutoni 4. Gawanya, unapata 13.25, ipandishe kwa kipeo cha tatu, unapata zaidi ya 2,300, na hiyo ndiyo mizunguko kwa mamilioni. Kwa kasi ya mota yetu ni kama saa 26,000, karibu miaka mitatu bila kupumzika, na beringi tisa kati ya kumi zinatarajiwa kufika hapo au kupita. Zetu zilikuwa zinakufa baada ya saa elfu moja hivi.

Hesabu hiyo niliifundisha ubaoni mara nyingi. Sikuifanya hata mara moja kwa pampu hii mpaka beringi ya tatu ilipoungua. Ningeifanya mapema, pengo la mara 26 lingenikataza kuridhika na maelezo madogo madogo.

Maelezo madogo yenyewe yalikuwa matatu, na kila moja lilikuwa na ukweli ndani yake, jambo lililotupoteza zaidi. Mara ya kwanza tulilaumu grisi. Tulikuta nyumba ya beringi imejazwa pomoni, na ni kweli kwamba grisi ikizidi, gololi huichuruga mpaka inachemka. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha kipenyo cha nje kwa upana kisha kwa 0.005, ambayo kwa 6309 inatoa gramu 12.5 za kuongezea. Mtu wa zamu alikuwa anapiga bomba la grisi mpaka itokeze nje. Tukarekebisha. Mara ya pili tulilaumu ulinganifu wa mota na pampu. Saa ya kupimia, kifaa chenye mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita, ilionyesha zimepishana kwa milimita 0.08, tukazirudisha hadi 0.03. Mara ya tatu tulisema beringi ni bandia, tukanunua kwa muuzaji mwingine. Kila mara pampu iliwaka, ikatulia, tukafunga karatasi ya kazi.

Kila mara, pamoja na beringi, tulibadilisha pia shafti, mhimili unaopita ndani ya beringi, kwa sababu sehemu ya kukalia beringi ilikuwa imeharibika. Shafti hizo hatukununua mpya. Iliyoharibika ilikwenda kwa wakerezaji wetu wa ndani, ikajazwa kwa kulehemu, ikakerezwa kurudi kwenye kipimo, ikapita kwa mkaguzi wa ubora, ikafungwa lebo ya kijani, ikapelekwa stoo kungojea zamu yake. Shafti yenye lebo ya kijani hakuna fundi wa matengenezo aliyeipima tena. Mimi mwenyewe niliwafundisha vijana kwamba lebo ya kijani ni neno la mwisho.

Nakumbuka beringi ya tatu ilivyoingia. Kwa kawaida tunaipasha beringi kwa hita mpaka nyuzi 110 hivi; ringi ya ndani inatanuka, inateleza hadi mahali pake, kisha inapoa na kubana. Siku ile niliiweka kwenye shafti kuonja tu, nikaisukuma kwa viganja, ikaenda yenyewe mpaka begani mwa shafti. Binti alikuwa pembeni yangu. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi matengenezo baada ya miezi mitatu idara ya ubora. Nikamwambia, "Unaona kazi ya mkerezaji anayejua kazi yake? Hata hita hatuihitaji." Alitikisa kichwa kukubali. Kwa ringi ya ndani inayozunguka huku mzigo ukibaki upande mmoja, kuingia kwa mkono ni dalili ya hatari, na dalili hiyo nilimfundisha kuwa ni sifa. Katika makosa yote ya kisa hiki, hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Alichokiona ndani ya tundu

Beringi ya tatu ilipoungua nilimwachia aifungue. Alikata umeme, akafunga swichi kwa kufuli lake, akajaribu kuwasha ili ahakikishe haiwaki, ndipo akagusa kazi. Nilipofika, beringi ilikuwa juu ya meza imefunguliwa. Nikatazama gololi: zimekuwa za buluu kwa joto, grisi imekuwa mkaa. Nikasema, "Grisi tena hiyo," nikanyoosha mkono niitupe kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

"Fundi, naomba usiitupe kwanza," akasema. "Mbona huku ndani kumeng'aa?"

Alikuwa ameigeuza ringi ya ndani na kutazama uso wa tundu, ule unaokaa juu ya shafti. Ulikuwa na mikanda iliyong'arishwa kama kioo, na katikati ya mikanda unga wa rangi ya kahawia iliyoiva, kama kutu iliyosagwa. Juu ya shafti palikuwa na unga uleule. Mafundi wengi hutazama njia ya gololi kwa sababu huko ndiko uharibifu unakopiga kelele. Uso wa tundu uko kimya, na mara nyingi ndio unaosimulia mwanzo. Njia ya gololi yenye mistari kama ya ubao wa kufulia huelekeza kwenye umeme uliopita ndani ya beringi. Vidonda vyenye nafasi sawa na ya gololi huelekeza kwenye nyundo iliyopigwa wakati wa kufunga. Mng'ao na unga wa kahawia kwenye tundu husema ringi ilikuwa inacheza juu ya shafti.

Inachezaje wakati pampu inazunguka na hakuna anayeisikia? Ringi iliyolegea huviringika juu ya shafti kama bangili juu ya mkono mwembamba. Mzingo wa tundu ni mkubwa kidogo kuliko wa shafti, kwa hiyo katika kila mzunguko ringi inabaki nyuma kidogo. Tuseme kipenyo cha tundu kimezidi cha shafti kwa mikroni moja tu, sehemu moja ya elfu ya milimita. Zidisha kwa 3.14: ringi inabaki nyuma milimita 0.003 kwa kila mzunguko. Mizunguko 1,480 kwa dakika ni zaidi ya milioni mbili kwa siku. Kwa nadharia, ringi hiyo inatambaa mita 6.7 kwa siku juu ya shafti iliyotakiwa kuing'ang'ania, karibu duru 47 nzima. Huo msuguano ndio unaotoa joto, joto linaua grisi, grisi ikifa gololi zinaungua, na sisi tunafika kwenye meza tukiwa tumechelewa, tunaona grisi iliyoungua na kuilaumu.

Sikuyasema haya siku ile. Nilimwambia inawezekana, lakini pampu inahitajika saa hii. Tukatoa stoo shafti nyingine ya lebo ya kijani, tukafunga beringi mpya. Iliingia kwa mkono. Safari hii sikusema kitu.

Kabla hatujafunga mfuniko akaniomba ruhusa, akachukua maka peni na kuchora mstari mmoja ulionyooka: unaanzia kwenye uso wa ringi ya ndani na kuendelea juu ya shafti. Mbinu hiyo ni ya zamani na haigharimu kitu. Ringi ikibana, mstari utabaki mmoja. Baada ya siku tatu tuliwasha pampu ya akiba, tukaifunga ile kwa kufuli, tukafungua mfuniko. Nusu ya mstari iliyokuwa kwenye shafti ilikuwa juu. Nusu ya ringi ilikuwa imehama theluthi ya mzunguko. Ilikuwa imezunguka duru ngapi nzima kabla ya kusimama pale, mstari hausemi. Hapo nikaacha kubisha.

Kifaa sahihi, kipimo kisicho sahihi

Mchoro wa shafti unataka sehemu ya kukalia beringi iwe 45 k6. Kwa kipenyo hicho maana yake ni kati ya milimita 45.002 na 45.018. Tundu la beringi ya daraja la kawaida liko kati ya 44.988 na 45.000. Yaani shafti ndogo kabisa inayokubalika bado ni kubwa kuliko tundu kubwa kabisa linalokubalika. Mipaka hiyo iliwekwa hivyo kwa makusudi, ili beringi isiingie kwa mkono siku yoyote.

Tuliipima ile tuliyoitoa, baada ya kulala usiku kucha mezani: 44.994. Binti akataka twende ubora saa ileile. Mkaguzi, mtu mzima na makini, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hoja ambayo sikuwa na jibu lake. "Hapa ilitoka ikiwa 45.009, fomu hii hapa. Imezunguka siku tatu na ringi iliyolegea. Mmeisugua wenyewe, halafu mnaniletea kipimo cha baada ya kusuguliwa." Ilikuwa hoja halali. Shafti iliyokwisha kulika haiwezi kutoa ushahidi wa ilivyokuwa kabla ya kulika.

Ilibaki shafti moja stoo ambayo haijaguswa na beringi yoyote. Lebo yake: 45.011. Tukaileta kwa mkaguzi akaipima mwenyewe, kwa mikromita yake, kifaa cha mkononi cha kupimia unene, mbele yetu. 44.995. Akapima tena, akaigeuza robo, akapima tena. Akaifuta mikromita, akaijaribu kwa bloku za kupimia, vipande vya chuma vyenye kipimo kinachojulikana, ikasoma sawasawa. Akatoa cheti cha ugezi, yaani cha kuhakikiwa usahihi wa kifaa, kilikuwa hai. Shafti ileile, mkono uleule, kifaa kilekile kilichothibitishwa, na namba mbili zinazotofautiana kwa mikroni 16. Katika chumba kile hakuna aliyekuwa anamtuhumu mwenzake tena. Sote tulikuwa tumeishiwa maneno.

Binti alitoka bila kuaga. Akarudi na daftari lake la mafunzo, akafungua ukurasa wa wiki yake ya kumi ubora, akaliweka mezani na kurudi nyuma hatua moja. Palikuwa na mistari mitatu kwa mwandiko wake: "Leo nimepima shafti ya pampu pamoja na mkaguzi. Mikromita imesoma 45.010, iko ndani ya mipaka. Shafti ilikuwa bado ya moto, nimeishika kwa kitambaa." Chini yake sahihi yangu, na tarehe.

Akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, na mimi nilitia sahihi kwenye fomu siku ile. Mnisamehe."

Alikuwa amefanya kile ambacho daftari lilikusudiwa kufanya: kuandika alichokiona, hata kama hakujua kina maana gani. Nilikuwa nimesaini kurasa kumi na mbili kwa mkupuo mwisho wa mwezi bila kusoma hata moja. Kitambaa kilikuwa pale muda wote.

Chuma cha pua au cha kawaida, au shaba, karibu kila kitu hutanuka kikipata joto. Kwa chuma cha shafti, kila mita hutanuka mikroni 11.5 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ndiyo maana dunia ya vipimo ililazimika kukubaliana juu ya joto moja la kupimia. Kamati ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani ilipitisha nyuzi 20 mwaka 1931, na kiwango namba 1 kabisa cha Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, kinahusu jambo hilohilo. Namba moja! Kabla ya kusema lolote juu ya nyuzi za boliti au ukubwa wa karatasi, ilibidi waseme kitu kinapimwa kikiwa na joto gani. Karakana isiyo na kipoza hewa haitakuwa na nyuzi 20, na kwa kazi yetu hilo halina shida kubwa, maana shafti na mikromita vyote ni chuma, na vikiwa na joto sawa vinatanuka pamoja na makosa yanafutana. Shida inaanza kimoja kikiwa cha moto na kingine cha baridi.

Siku mbili baadaye tulifanya jaribio. Shafti iliyotoka kwa wakerezaji muda uleule iliwekwa kipimajoto cha kugusa: nyuzi 56. Mikromita ilikuwa na joto la chumba, nyuzi 25. Mkaguzi akasoma 45.012. Tukaiacha mezani mpaka asubuhi. 44.996. Nilimpa binti kalamu akafanya hesabu ubaoni mbele ya wakerezaji, wakaguzi na mafundi wa zamu: 45 mara 0.0000115 mara 31 ni 0.016. Tofauti tuliyoipima ni 0.016. Mkerezaji mmoja wa miaka mingi aliinuka akaja kuisoma namba karibu, akarudi kukaa.

Hii inaeleza pia kwa nini baadhi ya beringi zilidumu kuliko nyingine. Shafti ya 44.995 ikikutana na tundu la 44.990, bado inabana kidogo. Ikikutana na tundu la 44.998, inacheza tangu dakika ya kwanza. Muuzaji mpya wa beringi hakuwa na kosa, wa zamani pia hakuwa na kosa.

Kwa nini ilipimwa ikiwa ya moto

Taiichi Ohno wa Toyota alipenda kufundisha kuuliza "kwa nini" mara tano, na mfano wake maarufu ni wa mashine iliyosimama kwa sababu fyuzi imekatika. Fyuzi ilikatika kwa mzigo kuzidi, mzigo ulizidi kwa sababu beringi haikupata mafuta, mafuta hayakufika kwa sababu pampu yake haisukumi, pampu haisukumi kwa sababu shafti yake imelika, na shafti imelika kwa sababu hapakuwa na chujio la kuzuia vumbi la chuma. Ninaupenda mfano huo kwa kuwa unafanana na kazi zetu. Lakini katika kisa chetu kulikuwa na kituo ambapo ingekuwa rahisi kusimama: "Kwa sababu mkaguzi alipima vibaya." Wapo waliotaka tuishie hapo, na barua ya onyo ilishaanza kuandikwa. Niliipinga, na ningeipinga tena.

Mkaguzi alipima shafti ya moto kwa sababu ililetwa ya moto. Kulehemu huijaza shafti joto linalokaa saa nyingi, kisha inakerezwa ingali na joto hilo na kumaliziwa kwa msasa mkavu, ambao nao unaongeza joto. Mkerezaji aliileta ya moto kwa sababu matengenezo walikuwa wanapiga simu. Waliokuwa wanapiga simu ni sisi, na simu moja ninaikumbuka ilikuwa yangu. Utaratibu ulioandikwa ulisema "pima mara baada ya kukereza". Fomu ilikuwa na nafasi ya namba ya kifaa, tarehe ya ugezi, jina la mkaguzi, kipimo na sahihi mbili. Haikuwa na nafasi ya joto. Mkaguzi aliijaza yote, kwa uaminifu, miaka yote.

Wakaguzi watatu wa zamu tofauti walikuwa wanapata namba zilezile: 45.009, 45.010, 45.011, 45.012. Namba zinazokubaliana hivyo zinaleta utulivu mkubwa moyoni. Wote walikuwa wanapima wakiwa na kosa moja, kwa hiyo walikubaliana. Hili ni somo la ubora ambalo wanagenzi hulisoma darasani kama maneno mawili ya kukariri, kurudiwa kwa kipimo na usahihi wa kipimo, na sijawahi kuona mfano wake ulio wazi kuliko huu. (Kulehemu shafti zinazozunguka kwa kasi ni jambo ambalo mimi binafsi silipendi hata likipimwa vizuri. Joto la kulehemu hubadilisha chuma pembeni mwa kidonda na kuacha mahali pa ufa kuanzia. Lakini huo ni mjadala mwingine, na karakana nyingi hazina njia nyingine.)

Mafunzo yalikuwa yamempa nini

Mpango wetu unampitisha mwanagenzi matengenezo, kisha ubora, kisha anarudi matengenezo. Kwenye karatasi, lengo ni "kumpa uelewa mpana". Ukweli ni kwamba kila idara ilimfundisha kuiamini nyingine bila kuuliza. Ubora walimfundisha kwamba kipimo kikishasainiwa, kazi yao imekwisha. Matengenezo nilimfundisha kwamba lebo ya kijani haiulizwi. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameishika shafti pande zote mbili za lebo. Mkaguzi hakuwahi kuona unga wa kahawia ndani ya tundu la beringi, maana beringi zilizoungua zilikwenda kwenye ndoo yetu. Mimi sikuwahi kushika shafti ikiwa ya moto, maana ilipofika stoo ilikuwa imepoa.

Nimesikia hoja kwamba mwanagenzi wa mwaka wa pili hapaswi kuhoji kazi iliyopitishwa na mkaguzi, kwamba kwanza ajifunze kutii utaratibu. Naielewa, na kwenye usalama naikubali kabisa: kufuli la umeme halina mjadala. Kwenye kipimo siikubali. Binti hakuvunja utaratibu hata mmoja. Aliuliza swali, akachora mstari, akafungua daftari. Kilichomchelewesha ni hofu ya ile sahihi yake kwenye fomu. Nilipomuuliza baadaye, alisema alilikumbuka lile joto siku ileile alipoona mng'ao, lakini aliogopa ataonekana anawasingizia waliomfundisha, au ataonekana yeye ndiye aliyeharibu. Siku zile zote kabla ya kufungua daftari alikuwa amelibeba peke yake. Hilo ni deni la msimamizi, maana mwanagenzi hujifunza kutoka usoni mwako kama habari mbaya inapokelewa au haipokelewi.

Tulibadilisha mambo machache. Shafti sasa inalala angalau saa nane mezani kwa mkaguzi, pamoja na mikromita na bloku za kupimia, ndipo inapimwa. Na fomu ina mstari wa joto la shafti na joto la chumba, vikipishana zaidi ya nyuzi mbili haipimwi. Kwa milimita 45, nyuzi mbili ni mikroni moja, na hiyo tunaivumilia. Fundi anayefunga beringi anaipima shafti tena kabla ya kuwasha hita, na beringi ikiingia kwa mkono kazi inasimama. Mstari wa maka peni unachorwa kwenye kila beringi tunayofunga. Beringi iliyoungua haiendi kwenye ndoo mpaka mkaguzi aje aitazame pamoja na fundi aliyeitoa. Mwanagenzi yeyote anaweza kufunga lebo nyekundu kwenye kitu chochote chenye lebo ya kijani, na anayeitoa ile nyekundu lazima aandike kwa nini. Mwanzoni wakerezaji walilalamika juu ya zile saa nane, nao walikuwa na haki, kwa hiyo tuliongeza shafti mbili za akiba stoo ili hakuna anayepigiwa simu.

Madaftari nayasoma kila wiki, mwanagenzi akiwa amekaa mbele yangu. Inachukua muda. Tayari yamenionyesha mambo mengine mawili, moja la boliti zilizokazwa kwa kukisia, jingine la chujio lililowekwa kinyume.

Pampu ilifungwa shafti iliyopimwa ikiwa baridi, 45.008. Beringi ilihitaji hita. Tulipofungua mfuniko baada ya mwezi, mstari ulikuwa mmoja. Lakini pampu nyingine mbili za aina hiyohiyo zinazunguka mpaka sasa na shafti zilizopita kwenye utaratibu wa zamani, na fomu zao zinasoma 45.010 na 45.012. Hazina joto la ziada wala mtetemo wa kutisha. Huenda zilibahatika kupata beringi zenye matundu madogo. Binti amezipangia siku ya kufunguliwa, moja baada ya nyingine, wakati wa usimamishaji ujao wa mashine, na kwenye karatasi ya kazi ameandika kwa mkono wake: "Shafti ilale kwanza."